Kuichunguza na Kuitunza Meza ya Karata ya Kale ya Kiingereza Iliyopakwa Laka

Katika nyumba za wenye nafasi za Uingereza ya karne ya 18, meza ya karata haikukaa katikati ya sebule. Mchana ilisimama ukutani ikiwa imekunjwa, uso wake umepungua hadi nusu, ikatumika kuwekea taa au chombo cha maua. Jioni wageni walipofika mtumishi aliivuta mbele, akaufungua mguu wa nyuma, akaulaza ubao wa juu juu ya mguu huo, na watu wanne wakaketi kucheza quadrille au whist kwenye kitambaa cha sufu cha kijani. Nyingi za meza hizo zilikuwa za mjozi au mahogani iliyoachwa ionekane. Chache zilipakwa rangi nyeusi, nyekundu au kijani yenye kung'aa kama kioo, kisha zikachorwa kwa dhahabu majumba ya Kichina, madaraja, ndege wenye shingo ndefu na watu wenye majoho. Mwongozo huu unawahusu wale ambao meza ya namna hiyo imewafikia, ama kwa urithi, ama kwa mnada, ama kwa sababu wameajiriwa kuitunza nyumba ambamo imo.

Madhara makubwa niliyoyaona kwenye meza hizi hayakuletwa na miaka. Yaliletwa na mtu mwenye nia njema aliyeanza kusafisha kabla hajajua anachosafisha. Kwa hiyo kitambaa kiwekwe pembeni kwanza, nasi tuanze na swali la kile kilichopakwa juu ya mbao.

Laka ya aina gani?

Neno laka hubeba vitu viwili visivyo na undugu. Laka ya Uchina, Japani na Korea ni utomvu wa mti uitwao kitaalamu Toxicodendron vernicifluum, unaogemwa kwa kulichanja gome. Utomvu huo haukauki kama rangi ya kawaida, bali hugandishwa na kimeng'enya kilichomo ndani yake, ambacho huhitaji hewa yenye unyevu ili kifanye kazi. Ukishakomaa huwa mgumu kiasi kwamba spiriti haiuyeyushi. Ukiwa mbichi huibabua ngozi, na mtu wa Mtwara au Kilifi aliyewahi kubangua korosho kwa mikono mitupu anaifahamu adha ya namna hiyo, kwa kuwa mti wa laka, mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na mafuta ya ganda la korosho yana kemikali zilizo jamaa na zile za utomvu huo.

Mti huo haukuwa Uingereza, na utomvu wake ulikuwa mgumu kusafirisha kwa merikebu kwa miezi mingi. Mafundi wa London, waliokuwa wakiona makabati ya Asia yakinunuliwa kwa fedha nyingi, wakatafuta njia ya kuuiga mng'ao wake kwa vitu walivyokuwa navyo. Mwaka 1688 John Stalker na George Parker walichapisha kitabu huko Oxford kilichoieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, hata kikatoa michoro ya ndege na nyumba ya kunakiliwa. Kiini cha njia yao kilikuwa shelaki, yaani ule ute mgumu unaotolewa na wadudu wadogo juu ya matawi ya miti huko India, ukayeyushwa katika spiriti. Ni mali ileile iliyotumika kutengenezea lakiri ya kufungia barua.

Fundi alianza kwa kuziba vinyweleo vya mbao kwa jeso, yaani chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama, akaisugua hadi ikalainika. Juu yake alipiga mikono ya shelaki yenye masizi ikiwa anataka rangi nyeusi, au zingefuri, ile rangi nyekundu ya zebaki, ikiwa anataka nyekundu. Alirudia mikono hiyo mara nyingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, akifanya kazi karibu na moto ili kila mkono ukauke vizuri, kisha akaung'arisha uso kwa unga laini. Milima na majumba aliyainua kwa kinyunga cha gundi ya mgunga na chaki, akayachora kwa dhahabu, na mistari ya nyuso na majani akaimalizia kwa kalamu nyembamba ya rangi nyeusi.

Ukiuelewa mpangilio huo utaelewa pia kwa nini meza hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Spiriti na joto huiyeyusha au kuilainisha shelaki. Maji hulegeza gundi iliyomo ndani ya jeso, na yakikaa juu ya shelaki huacha doa jeupe. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa kufuata unyevu wa hewa, ilhali jeso haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka na kujiinua. Dhahabu nayo ni nyembamba mno, na kila mpanguso wa kitambaa huondoka na sehemu yake.

Ipo pia aina ya tatu ambayo huwachanganya hata wauzaji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 wafanyabiashara wa Kiingereza waliagiza kutoka Canton, bandari ya kusini mwa Uchina, samani zenye umbo la Kiingereza lakini zikapakwa laka halisi na mafundi wa Kichina. Meza ya karata ya namna hiyo ina miguu ya London na ngozi ya Canton, na utunzaji wake hautakuwa sawa na ule wa meza iliyopakwa shelaki.

Anza chini ya meza

Uchunguzi mzuri huanza mahali ambapo hakuna aliyepamba. Tafuta mtu wa pili, vueni pete, saa na mikufu, na muishike meza kwenye fremu yake, si kwenye ubao wa juu, kwa kuwa ubao huo mara nyingi umeshikiliwa na bawaba na parafujo chache tu. Tandikeni blanketi safi chini. Ikiwa uso una sehemu zinazobanduka, msiipindue kabisa. Laleni chini na tochi, kioo cha mkononi na kamera, mtaona karibu kila kitu.

Jambo la kwanza la kutazama ni namna ubao unavyoshikiliwa unapofunguliwa, kwa kuwa hapo ndipo meza inapotaja umri wake kwa uwazi zaidi. Katika meza nyingi mguu mmoja wa nyuma, au yote miwili, hufunguka kama lango kwa bawaba ya mbao iliyochongwa ndani ya fremu. Katika meza bora zaidi, hasa za takriban 1720 hadi 1760, pande za fremu zenyewe zimekatwa katikati na kuwekewa bawaba, zikavutwa na kurudishwa kama kodiani, hivyo miguu yote minne hukaa pembeni sawasawa na hakuna mchezaji anayegongwa goti. Meza ambayo ubao wake huzungushwa robo duara kisha ukafunguliwa juu ya fremu isiyosogea ni ya mtindo ulioenea mwanzoni mwa karne ya 19. Muuzaji akikuambia kwamba meza yenye ubao wa kuzunguka ni ya enzi ya Malkia Anne, aliyetawala kuanzia 1702 hadi 1714, mshukuru kwa muda wake.

Baada ya hapo itazame mbao. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina alama zilizonyooka ambazo nafasi zake hazilingani. Alama za mviringo ni za msumeno wa duara, uliosambaa katika karne ya 19. Parafujo za kale zilichongwa kwa mkono, hazina ncha kali, na ufa wa kichwani mwake mara nyingi haukupita katikati. Zenye ncha kali ni za baada ya miaka ya 1840. Parafujo mpya haithibitishi kwamba meza nzima ni mpya, kwa kuwa bawaba hulegea na hurekebishwa, lakini angalia kama kuna mashimo ya zamani yaliyozibwa karibu nayo. Kama hakuna shimo lolote la zamani na bawaba zote ni za kiwandani, una sababu ya kuwa na shaka.

Mbao husinyaa kwa upana wake na karibu haisinyai kabisa kwa urefu. Kwa hiyo pima kwa futi ya fundi. Ubao uliochongwa mviringo miaka 250 iliyopita hauwezi kuwa mviringo kamili leo, na utaukuta una tofauti ya milimita kadhaa kati ya kipimo kimoja na kingine.

Swali linalofuata ni la aina ya mbao yenyewe, nalo huwa na majibu mazuri kuliko watu wanavyodhani. Fundi aliyejua tangu mwanzo kwamba meza itafunikwa yote kwa rangi hakuwa na sababu ya kutumia mbao ya fahari. Alitumia msonobari, mwaloni au mbao nyingine ya kawaida. Ukichungulia mahali ambapo rangi imebanduka ukakuta vinia, yaani ubao mwembamba wa kubandikwa, nzuri ya mjozi iliyopangwa kwa ustadi mishipa ikitazamana, jiulize ni nani angefanya kazi ya gharama namna hiyo kisha akaifunika. Mara nyingi jibu ni kwamba meza ilitengenezwa katika karne ya 18 ikiwa ya mbao wazi, na ikapakwa katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, samani zenye michoro ya Kichina ziliporudi kuwa na soko. Mbao ni ya kweli na michoro ni ya kuongezwa, na bei yake haiwezi kuwa sawa na ya ile iliyopakwa tangu mwanzo.

Kisha tazama uso

Rangi iliyozeeka pamoja na meza huchakaa mahali ambapo mikono na magoti yalipita: ukingo wa mbele wa ubao, pembe, mahali pa kuushikia mguu unaofunguka, na sehemu za chini za miguu zilizogongwa na viatu na mafagio. Chukua kioo cha kukuzia uzifuate pembe hizo. Ikiwa rangi imeingia ndani ya mkwaruzo wa zamani na kuujaza, mkwaruzo ulikuwapo kabla ya rangi. Ikiwa mchoro wa dhahabu umepita juu ya kiraka cha mbao bila kukatika, kiraka kiliwekwa kabla ya mchoro. Mambo haya mawili yananitosha kukataa maelezo marefu ya karatasi ya mnada.

Fungua ubao ulinganishe rangi ya ndani na ya nje. Sehemu ya ndani ilikaa gizani kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hivyo ukanda uliopakwa kuzunguka kitambaa unapaswa kuwa mng'avu kuliko nje. Hapo ndipo utakapokuta pia vile visahani vilivyochimbwa kwenye mbao kwa ajili ya kuwekea fedha au vihesabio vya mchezo, na pembe zilizopanuliwa za kusimamishia vinara vya mishumaa. Chunguza pembe hizo kwa makini zaidi, kwa kuwa nta ya moto ilidondoka hapo miaka mingi, na uso ambao haujaguswa na nta wala joto kwenye pembe za mishumaa una jambo la kueleza.

Dhahabu halisi haibadiliki rangi. Unga wa shaba nyeupe, uliotumiwa sana na watengenezaji wa baadaye kurudishia sehemu zilizofutika, hugeuka kahawia au kijani. Lakini usihukumu kwa haraka: Stalker na Parker wenyewe waliutaja unga huo miongoni mwa vifaa vya kazi, kwa hiyo kahawia iliyotapakaa kwenye meza nzima kwa usawa inaweza kuwa ya asili, ilhali kahawia iliyokaa vipande vipande kati ya mistari inayong'aa ni kazi ya mkono mwingine.

Ukipata tochi ya mwanga wa urujuanimno, zima taa zote usiku na umulike uso bila kuutazama mwanga wenyewe. Shelaki ya zamani hutoa rangi ya chungwa. Vanishi ya mafuta na ulimbo wa miti huelekea kijani hafifu. Viraka vya rangi mpya kwa kawaida huonekana kama madoa meusi. Laka halisi ya Asia huwa imefifia na haitoi ile chungwa angavu, na kwa hiyo tochi ndogo ya bei nafuu inaweza kukuonyesha kwa dakika mbili kama meza yako ni ya London au ya Canton, ingawa neno la mwisho hutolewa na maabara baada ya kupima chembe ndogo ya rangi.

Neno moja kuhusu majina. Fundi Giles Grendey, aliyeishi kuanzia 1693 hadi 1780 na kuwa na karakana Clerkenwell, London, anafahamika kwa seti ya samani nyekundu, zaidi ya vipande 70, aliyoitengenezea ngome ya Lazcano, kaskazini mwa Uhispania, katika miaka ya 1730. Baadhi ya vipande vyake vilibandikwa karatasi yenye jina lake. Tangu hapo kila kitu chekundu chenye michoro ya Kichina hutajwa kuwa chake, au cha karakana yake, au cha namna yake. Karatasi yenye jina huweza kuhamishwa, na wekundu peke yake hauna saini.

Kuondoa vumbi, na kuishia hapo

Kazi ya kawaida ya mwenye meza ni kuondoa vumbi tu. Tumia brashi pana ya manyoya laini ya mbuzi, ile wanayotumia wachoraji wa rangi za maji, na funga utepe wa kitambaa kuzunguka chuma chake ili kisikwaruze. Shika mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi kwa mkono wa pili, ukiwa umeuzibia kwa kipande cha neti, na uweke umbali wa sentimita chache kutoka kwenye uso. Brashi hulisogeza vumbi kuelekea kwenye mdomo, na mdomo wenyewe haugusi meza. Ile neti itakamata kipande chochote cha rangi kitakachong'oka, nawe utakiokota badala ya kukipoteza. Usitumie kitambaa kwenye sehemu zilizoinuliwa, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye nyufa na kuvuta.

Usipulize dawa za kung'arishia samani, usipake mafuta ya limau wala mafuta ya nazi, na usipake nta kwenye uso wenye nyufa. Mafuta na nta huingia chini ya vipande vilivyoinuka, na siku mtaalamu atakapotaka kuvigandisha, gundi yake haitashika. Kitakasa mikono ni hatari mpya ambayo wengi hawaifikirii: mgeni hujipaka, kisha huweka viganja juu ya meza kabla havijakauka, na alama za vidole hubaki ndani ya shelaki kwa sababu kitakasa hicho ni spiriti kwa sehemu kubwa. Manukato hufanya vivyo hivyo, na matone ya pombe kali pia.

Watu wengi huitazama meza iliyokuwa na majani ya buluu wakaiona ya kijani, au nyeupe ikiwa njano ya chai, wakataka vanishi ya juu iondolewe. Hapa inafaa kutulia, na msomaji wa pwani atakutana na mali ya nyumbani. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini kwenye mrima unaotazamana na Unguja ilipelekwa Zanzibar, ikasafirishwa hadi Salem huko Marekani, Hamburg huko Ujerumani na kwingineko, na watengenezaji wa vanishi wa Ulaya na Marekani waliithamini sana kwa kuwa iliyeyushwa katika mafuta ya moto ikatoa vanishi ngumu kwa magari ya farasi na samani. (Isichanganywe na ule ulimbo wa Moroko wenye jina linalofanana, sandaraki, ambao mafundi wa karne ya 17 waliutumia.) Meza ya mwaka 1730 iliyopigwa vanishi upya mwaka 1860 yaweza kuwa na mkono wa vanishi kama hiyo juu yake. Tatizo ni kwamba vanishi ya mafuta iliyozeeka ni sugu kuliko shelaki iliyo chini yake. Kioevu chenye nguvu ya kuing'oa ya juu kitakuwa kimeshaila ya chini, pamoja na dhahabu, kabla hujatambua. Ni kazi inayofanywa chini ya hadubini, sentimita moja baada ya nyingine, na wakati mwingine mtaalamu mwenyewe huamua kuiacha njano ilivyo.

Msasa usikaribie kabisa. Licha ya kuharibu, vumbi lake ni sumu: zingefuri ina zebaki, rangi nyeupe za zamani zina risasi, na baadhi ya njano na kijani zina aseniki.

Rangi inapobanduka

Siku moja utakuta kipande cheusi sakafuni, chenye rangi upande mmoja na chaki nyeupe upande wa pili. Kiokote kwa karatasi laini, si kwa vidole. Kitie ndani ya bahasha, andika tarehe na mahali kilipotoka, na upige picha ya pengo lililobaki. Usikirudishe mwenyewe kwa gundi ya haraka. Gundi hiyo hupenya, hukauka kama kioo, na haiondolewi tena bila kuondoka na rangi. Usibandike utepe wa plastiki kushikilia kingo zilizoinuka, hata kwa siku moja, kwa kuwa utakapoubandua utang'oa kilichosalia.

Zungushia meza kamba au viti ili isiguswe, acha kuipangusa sehemu hiyo, na mwite mtaalamu wa uhifadhi wa samani. Uingereza kuna Institute of Conservation, iitwayo kwa kifupi Icon, ambayo hutunza orodha ya wataalamu waliothibitishwa. Unapozungumza na mtaalamu muulize atatumia gundi gani. Akitaja gundi ya wanyama au ya samaki, iliyopashwa joto la chini na kuingizwa chini ya kipande kwa brashi nyembamba, kisha kipande kikakandamizwa taratibu, mnaelewana. Akitaja kusugua meza nzima na kuipaka upya, mpe chai na umsindikize mlangoni.

Mwanga, hewa na wadudu

Makumbusho huweka vitu vya laka katika mwanga usiozidi luksi 50 hivi, nao ni mwanga mdogo kuliko ambao wengi wangeuita wa kutosha kusomea. Karibu na dirisha lenye jua kipimo hupanda hadi maelfu. Si lazima uishi gizani. Iweke meza kwenye ukuta usiofikiwa na jua, funga pazia chumba kisipotumika, na uiache imekunjwa. Laka halisi ya Asia iliyopigwa na jua kwa miaka hufifia na kuwa dhaifu mbele ya maji, ingawa ilipokuwa changa maji hayakuiweza.

Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 unafaa, lakini kutobadilika kwake kuna uzito kuliko namba yenyewe. Kinachovunja jeso ni kupanda na kushuka. Katika nyumba za Ulaya adui ni kipasha joto cha majira ya baridi kinachoikausha hewa kwa wiki chache tu, na meza isisimame karibu nacho wala juu ya bomba lake. Aliyeihamishia meza yake Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ana tatizo la upande wa pili: hewa ya pwani mara nyingi huzidi asilimia 70, na kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi huifanya mbao itanuke na kusinyaa kila siku. Afadhali chumba kisicho na kiyoyozi kabisa, chenye hewa inayopita na kisichopigwa na jua, kuliko chumba cha kuwasha na kuzima. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kiweke karibu na meza, na andika namba zake asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja kabla hujaamua lolote.

Bungua huacha matundu ya milimita 1.5 hadi 2. Matundu peke yake si habari. Yanaweza kuwa ya miaka 100 iliyopita. Unga mpya, wa rangi hafifu, unaodondoka kwenye karatasi nyeusi uliyoitandika chini ya miguu, ndio wa kushughulikiwa. Usidunge dawa ya maji kwenye matundu, kwa kuwa itachuruzika chini ya jeso na kuilegeza. Wataalamu huifunga meza ndani ya hema la plastiki lisilo na oksijeni, na wadudu hufa bila uso kuguswa.

Kitambaa cha sufu cha ndani ni mara chache sana kuwa cha asili, kwa kuwa kilichakaa kwa kucheza na kikabadilishwa, pengine mara tatu au nne. Hata hivyo nondo hawajali umri wake. Fungua ubao angalau kila baada ya miezi mitatu, tazama kwenye kingo na ndani ya visahani kama kuna mabuu au nyuzi zilizoliwa, na vuta vumbi kwa nguvu ndogo kabisa. Kikilazimika kubadilishwa, hifadhi kipande cha kile cha zamani pamoja na misumari yake, na usikubali kipya kibandikwe kwa gundi ya mpira.

Kuifungua na kuifunga

Hakuna ubaya kuitumia meza mara moja moja, mradi vinywaji viwekwe kwenye meza nyingine na wachezaji wavue bangili. Kuna mpangilio wa kufuata, na bawaba nyingi zilizong'oka ziling'oka kwa sababu haukufuatwa. Vuta mguu wa nyuma kwanza, au fremu yote ikiwa ni ya kodiani, hadi ifike mwisho wake. Ndipo uinue ubao kwa mikono miwili, mkono mmoja kila pembe, uulaze bila kuuachia. Wakati wa kufunga ubao huanza na mguu hufuata. Ukiurudisha mguu kwanza, uzito wote wa ubao huning'inia kwenye parafujo nne fupi zilizoshikilia mbao ya karne tatu.